CloudLab Darasani: Muhula Mzima wa Somo la Mitandao kwa Mashine za Kuazima

Kwa miaka kadhaa nimefundisha somo la mitandao ya kompyuta katika chuo kidogo hapa Marekani, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo wanafunzi wangu walifanya mazoezi ndani ya programu za kuigiza mtandao, ambamo ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data kati ya mitandao, ni picha inayoburutwa kwa kipanya na waya ni mstari unaochorwa kati ya picha mbili. Wengi wetu tuliosoma Afrika Mashariki tulianzia kwenye Packet Tracer ya Cisco, nami nakiri kwamba ndiyo iliyonifungua macho kuhusu anwani za IP na jedwali la njia, yaani orodha ya wapi data ipitie. Hata hivyo, kila muhula nilikuwa nikiona jambo lilelile: mwanafunzi anapata alama nzuri za mazoezi, kisha anapoketishwa mbele ya seva halisi ya Linux hajui aanzie wapi, kwa sababu hajawahi kushika kitu kinachoweza kumgomea. Muhula uliopita nilihamishia mazoezi yote tisa CloudLab, na haya ni maoni yangu kwa walimu wenzangu wanaofikiria kufanya vivyo hivyo.

CloudLab ni maabara ya utafiti inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti. Ilianzishwa mwaka 2014 kwa ruzuku ya dola milioni 10 kutoka Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, na mashine zake ziko hasa katika Chuo Kikuu cha Utah, Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, na Chuo Kikuu cha Clemson huko Carolina Kusini. Mfumo unaoiendesha una umri mkubwa kuliko maabara yenyewe, kwani ulitokana na Emulab, kazi ya kundi la marehemu Jay Lepreau huko Utah iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtafiti au mwalimu halipi chochote. Anaandika maombi ya mradi akieleza atafanya nini, na mradi ukikubaliwa wanafunzi wake wanaomba kujiunga naye anawapokea mmoja mmoja. Wanachokipata baada ya hapo ni kompyuta nzima iliyomo kwenye rafu fulani huko Utah au Wisconsin, pamoja na mamlaka yote ya msimamizi wa mfumo: mwanafunzi anaweza kubadilisha kerneli (kiini cha mfumo endeshi), kuvunja jedwali la njia au kufuta diski, na hakuna atakayemuuliza.

Kitu kilichonirahisishia kazi kuliko vyote ni kile wanachokiita profaili. Mwalimu anaeleza mara moja mtandao anaoutaka, ama kwa kuuchora kwenye ukurasa wa kivinjari, ama kwa skripti fupi ya Python: mashine ngapi, mfumo endeshi gani, kipi kimeunganishwa na kipi. Kisha anawapa wanafunzi kiungo cha profaili hiyo. Mwanafunzi akikifungua na kuthibitisha, baada ya dakika chache anapata nakala yake mwenyewe ya mtandao uleule, ukiwa safi na haujaguswa na mtu. Waliowahi kusimamia chumba cha maabara chenye swichi za kweli, ambako kundi la asubuhi linaacha mipangilio yake na kundi la mchana linapoteza nusu saa kuifuta, watanielewa nikisema kwamba jambo hili peke yake lilinifidia juhudi zote za kuhama.

Nieleze zoezi moja kwa kina, kwa kuwa ndilo lililonishawishi kwamba sitarudi nyuma. Mashine tatu zimepangwa katika mstari: mtumaji, ruta na mpokeaji. Kwenye ruta, kwa amri ya tc, tunabana kasi hadi megabiti 10 kwa sekunde, na tunaongeza ucheleweshaji ili pakiti, yaani kipande cha data, ichukue milisekunde 100 kwenda na kurudi. Mwanafunzi anaanza kwa hesabu ya karatasi: megabiti 10 kwa sekunde mara sehemu ya kumi ya sekunde ni biti milioni moja, yaani baiti 125,000, na hicho ndicho kiasi cha data kinachoweza kuwa njiani kwa wakati mmoja. Kisha anaipa ruta foleni (nafasi ya pakiti zinazosubiri zamu) ya ukubwa huohuo, anatuma data kwa iperf3, programu ya kupima kasi, na wakati huohuo katika dirisha jingine anaendesha ping, inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi. Muda wa ping unapanda kutoka milisekunde 100 hadi kukaribia 200, sawasawa na hesabu, kwa sababu foleni iliyojaa baiti 125,000 inahitaji milisekunde 100 nyingine ili kumwagwa.

Baada ya hapo anaambiwa aikuze foleni hadi baiti milioni moja. Kila mwaka wanafunzi walio wengi hutabiri kwamba kasi itaongezeka, maana foleni kubwa haipotezi pakiti ovyo. Kasi haiongezeki. Inabaki palepale, takriban megabiti 9.5 kwa sekunde, ilhali ping inapanda hadi kukaribia milisekunde 900. Nilimwona mwanafunzi mmoja akiitazama skrini kwa muda mrefu, akasimamisha utumaji, namba zikashuka, akauanzisha tena, zikapanda tena. Kisha akaniuliza kama hiyo ndiyo sababu simu za video za nyumbani kwao hukatika kila mdogo wake anapopakia picha. Nilimjibu kwamba inawezekana kabisa, na kwamba ameuona ugonjwa huo kwa macho yake. Namba zilezile nimeziandika ubaoni kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo.

Uhalisia huo unaleta pia ukinzani na vitabu, nao ni wenye manufaa. Mchoro unaopatikana karibu katika kila kitabu cha mitandao unaonyesha dirisha la TCP (kiasi cha data ambacho mtumaji anaruhusiwa kuwa nacho njiani) likipanda kwa mstari ulionyooka na kuanguka hadi nusu, kama meno ya msumeno. Mwanafunzi anayechora takwimu zake mwenyewe anakuta meno yaliyopinda, ambayo hayaanguki hadi nusu. Hajakosea: Linux imekuwa ikitumia CUBIC kama kanuni yake ya kawaida ya kudhibiti msongamano tangu mwaka 2006, ilhali kitabu kinaeleza Reno, kanuni ya zamani zaidi. Nilikuwa nikiogopa kwamba tofauti za aina hii zingewachanganya, lakini zikawa ndizo sehemu bora za ripoti zao, kwa sababu ilimlazimu mtu abadilishe kanuni kwa amri moja, apime upya, na aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini michoro miwili inatofautiana.

Kuna mtego mmoja ambao kila mwalimu anapaswa kuujua kabla ya siku ya kwanza. Kila mashine ina angalau njia mbili za mtandao: moja ya usimamizi, inayomwezesha mwanafunzi kuingia kutoka nje, na nyingine ya jaribio lenyewe. Ukiitaja mashine kwa jina lake refu la intaneti, data inapita kwenye njia ya usimamizi na kuiepuka ruta yako kabisa. Katika zoezi la pili makundi manne yaliniletea kasi iliyozidi kwa mara mamia ile tuliyoiweka, na mojawapo lilikuwa limekwisha kuandika aya mbili za kufafanua matokeo hayo. Kosa lilikuwa langu, kwani maelezo yangu yaliwaambia watumie jina la mashine bila kufafanua ni jina lipi. Dawa yake ni kutumia anwani za ndani za jaribio, na kumzoesha mwanafunzi kuangalia njia ambayo pakiti itapita kabla hajaamini namba yoyote.

Upande wa kuharibu na kutengeneza, mfumo huu una huruma ya kutosha. Mwanafunzi aliyezima kadi ya mtandao isiyo yenyewe na kujifungia nje anaweza kufungua konsoli ya mashine kupitia kivinjari na kuiwasha, kuiwasha upya mashine nzima, au kuipakia upya mfumo endeshi kama vile haijawahi kutumika. Kufikia katikati ya muhula hakuna aliyekuwa akiniandikia barua pepe usiku wa manane kwa ajili ya kosa kama hilo.

Sasa nije kwenye uzito wake, ambao unatokana na neno "pamoja". Mashine hizi hazikujengwa kwa ajili ya darasa langu. Zinatumiwa na watafiti wengi, na tarehe za mwisho za kuwasilisha makala za mikutano mikubwa zinapokaribia, mashine za aina zinazopendwa huwa adimu. Mwalimu anayewaambia wanafunzi 22 waanzishe majaribio yao Jumapili jioni bila maandalizi anacheza bahati nasibu. Njia ya uhakika ni kuomba hifadhi mapema: unataja aina ya mashine, idadi, na siku, na ombi likikubaliwa mashine hizo zinatengwa kwa ajili ya mradi wako. Tena hesabu ya mashine ifanyike kwa uangalifu. Ukiuomba mfumo wenyewe uweke ucheleweshaji kwenye kiungo kati ya mashine mbili halisi, unaweza kuingiza mashine ya tatu katikati ili ifanye kazi hiyo, na darasa lililodhani linahitaji mashine 22, yaani jozi 11, likajikuta linahitaji 33.

Kwa sababu hiyo mazoezi yangu sita kati ya tisa yaliendeshwa kwenye mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa na programu, nyingi zikiwa juu ya mashine moja halisi, na kwa kufundishia anwani, njia na DNS (mfumo wa kugeuza majina kuwa anwani) hazina upungufu wowote. Mashine nzima niliziacha kwa yale mazoezi matatu ambamo vipimo vya muda vina maana. Hapo tulitumia aina iitwayo m510 ya huko Utah, yenye prosesa ya viini 8 na kumbukumbu ya gigabaiti 64, ambayo ni zaidi sana ya mahitaji ya darasa, na nililazimika kuwakumbusha wanafunzi kila mara kwamba asiyeifunga baada ya kumaliza anamnyima mtu mwingine.

Jaribio la kawaida hupewa saa 16. Muda huo ukiisha bila kuombewa nyongeza, mashine zinarudishwa na kila kilichokuwa kwenye diski kinatoweka. Ni utaratibu wa haki, na umeelezwa wazi katika mwongozo, lakini mwanafunzi hatausoma mwongozo, na wa kwangu wawili walipoteza vipimo vya siku nzima katika wiki ya tatu. Tangu hapo kila karatasi ya zoezi inaisha kwa amri ya scp ya kunakili matokeo kwenye kompyuta yake, na alama mbili zimetengwa kwa hatua hiyo.

Wiki ya kwanza itamezwa na funguo za SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali, na hilo halina njia ya mkato. Wapo wasiojua faili lao la ufunguo lilihifadhiwa wapi, na wapo waliopakia ufunguo wa siri badala ya ule wa hadharani. Mwanafunzi mmoja alikuwa akifanyia kazi mahali ambapo mtandao ulizuia poti 22 inayotumiwa na SSH, na ilimbidi atumie bando la simu yake. Nashauri kipindi kizima kitengwe kwa shughuli hii, mwalimu akizunguka meza kwa meza, kuliko kuiacha iwe kazi ya nyumbani.

Kuna somo ambalo sikuwa nimelipanga. Mashine halisi za CloudLab zina anwani za hadharani, kwa hiyo nilimwomba kila mmoja afungue kumbukumbu za majaribio ya kuingia saa chache tu baada ya kuiwasha yake. Mistari ilikuwa mingi mno kuhesabika: watu wasiojulikana, kutoka pande zote za dunia, wakijaribu majina kama root na admin kwa kubahatisha nenosiri. Hakuna mhadhara wangu kuhusu usalama uliowahi kuwanyamazisha hivyo.

Anayetaka umbali halisi kati ya mashine, badala ya ucheleweshaji wa kutengeneza, ataridhika zaidi na FABRIC, mradi mwingine wa fedha za mfuko uleule unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, ambao vituo vyake vimevuka Marekani hadi Bristol, Amsterdam, Tokyo na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi. Kule kazi nyingi huendeshwa kupitia madaftari ya Jupyter, yaani kurasa za kivinjari za kuandikia na kuendeshea msimbo, jambo linalowafaa wanaojua Python na kuwaelemea wasioijua. Na kwa mwalimu ambaye intaneti ya darasani kwake hukatika mara kwa mara, Mininet, programu inayoigiza mtandao mzima ndani ya kompyuta mpakato moja, bado ni chaguo bora kuliko maabara yoyote ya mbali, kwa sababu inafanya sehemu kubwa ya mazoezi niliyoyaeleza bila kuhitaji kitu chochote nje ya chumba.

Mimi nimekwisha kuomba hifadhi ya mashine kwa wiki ya nne, ya saba na ya tisa ya muhula ujao. Zoezi la kwanza nimeliandika upya: kabla ya kugusa kibodi, mwanafunzi atachora kwenye karatasi kila kadi ya mtandao ya kila mashine, aandike anwani yake, na aonyeshe kwa kalamu nyekundu ni ipi inayokwenda kwenye usimamizi.