Lenzi ya kuvuta mbali kwa pesa ndogo: nunua kitulizi cha mtikisiko kwanza, milimita baadaye

Umesimama hifadhi ya Mikumi kando ya barabara, swala yuko mita 100, na kamera yako ina lenzi ya milimita (mm) 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi; milimita zikiwa nyingi, lenzi inavuta zaidi. Ukimpiga kwa 55 mm, fremu inabeba eneo la mita 27 hivi kutoka chini hadi juu, na swala mwenyewe hafiki mita moja. Huyo atakuwa nukta. Ukiwa na 250 mm eneo linashuka hadi mita 6, twiga mzima anaenea. Ukiwa na 300 mm ni mita 5.

Nimeanza na hesabu hiyo makusudi, kwa sababu karibu kila anayeniuliza kuhusu lenzi ya kuvuta huuliza jambo moja: inafika ngapi? Anaona 300 lazima iishinde 250. Lakini tofauti yenyewe ndiyo hiyo, mita moja ya nyasi. Picha nyingi za mbali huharibiwa na mkono unaotikisika. Kanuni ya zamani inasema shata, yaani muda kamera inaoacha mwanga uingie, isiwe polepole kuliko sekunde moja ikigawanywa kwa urefu wa lenzi (zile milimita), na kwa kamera zenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo ya APS-C, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, unazidisha urefu huo kwanza kwa 1.6 ukiwa na Canon au 1.5 ukiwa na Nikon. Basi 250 mm kwenye Canon inataka 1/400 ya sekunde. Alfajiri, wakati simba bado wanatembea na mwanga ndiyo kwanza unaingia, 1/400 itakulazimisha upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi picha ijae chenga.

Dawa ni kitulizi cha mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi. Canon hukiita IS, Nikon VR, Tamron VC. Kama bajeti yako ni ndogo, herufi hizo mbili zitafute kabla ya kitu kingine chochote. Kumbuka tu kwamba kitulizi hutuliza mkono wako, hakimtulizi mnyama. Duma anayekimbia au winga anayekata kona bado anataka shata ya haraka.

Ninayoiweka nambari moja ni Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM, iliyotoka 2013 (namba ya f ni tundu la mwanga; ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia). Ina gramu 375 tu, unaitembeza siku nzima bila shingo kulalamika. Kwa maelezo ya Canon, kitulizi chake kinakupa hatua 3.5, kila hatua ikikuruhusu shata ya polepole mara mbili, yaani pale ulipohitaji 1/400 unaweza kushuka hadi karibu 1/40. Mimi ningebaki 1/80 kwa usalama, na hapo tayari umeokoa ISO kubwa. Mota yake ya STM ni kimya, kwa hiyo hata video ya harusi haichafuliwi na mlio wa lenzi, na inakaribia kitu hadi sentimita 85, maua na vipepeo vikiwemo. Kioo cha mbele hakizunguki inapotafuta fokasi, jambo utakalolifurahia ukifunga filta ya polaraiza ufukweni, ile ya kukata mng'ao ambayo huwekwa sawa kwa kuizungusha.

Hapa pana mtego. Lenzi hii ina ndugu wawili wakubwa, ya IS ya 2007 na ya IS II ya 2011, na sokoni zote tatu huitwa "55-250" tu. Hizo mbili si mbaya, lakini fokasi yake ni ya polepole na yenye kelele. Isome lenzi yenyewe. Kama herufi STM hazipo, bei nayo ishuke.

Nambari mbili ni Nikon AF-P DX 70-300mm f/4.5-6.3G ED VR ya 2016. Kwa ukali wa picha na wepesi wa fokasi ingeweza kukaa ya kwanza: gramu 415, na inafika 300 kweli, bila kulegea sana mwishoni. Nimeishusha kwa sababu haielewani na kila Nikon. D3400, D3500, D5600, D7500 na D500 hazina shida. D3300, D5300 na D5500 zinataka programu ya ndani ya kamera isasishwe kwanza. D3100, D3200, D5100, D90 na D7000, ambazo zimejaa mikononi mwa watu, hazitaipa fokasi kabisa. Angalia jina la kamera yako leo, kabla hujatuma pesa. Tena kuna pacha wake asiye na VR, na zilipotoka tofauti yake ilikuwa kama dola 50. Ongeza hizo 50, hata kama itabidi usubiri mwezi mwingine.

Wenye hizo Nikon za zamani wasikate tamaa. AF-S DX 55-200mm f/4-5.6G VR II ya 2015 ina gramu 300 na itafanya kazi. Inaishia 200, hivyo ndege itabidi uwasogelee, lakini kwa michezo ya shule na watoto wako uwanjani inatosha.

Ya tatu ni Tamron SP 70-300mm f/4-5.6 Di VC USD, ya 2010, na hii inunue ikiwa imetumika. Ina uzito wa gramu 765, utauhisi. Ila kitulizi chake kimeshika vizuri sana, unaona kabisa picha inaganda kwenye kitundu cha kuchungulia mara ukibonyeza kitufe cha kupigia nusu, na inafunga kwenye kamera za sensa kubwa pia. Mwenye Canon 6D au 5D hawezi kufunga ile 55-250, maana EF-S ni za sensa ndogo peke yake. Kama pesa inaruhusu zaidi, mwenye Canon za namna hiyo atazame EF 70-300mm f/4-5.6 IS II USM ya 2016, lakini ilizinduliwa kwa karibu dola 550, na kwangu hapo neno nafuu linaanza kuisha.

Usichanganye Tamron hiyo na 70-300 nyingine ya Tamron isiyo na VC, iliyoandikwa Macro. Bei yake inavutia, kitulizi hakuna.

Za mwisho kabisa ni mbili. Canon EF 75-300mm f/4-5.6 III ni ya 1999, haina kitulizi, kioo cha mbele huzunguka, na ukifika 300 picha inakuwa laini hata kwenye mwanga mzuri. Imeuzwa sana pamoja na kamera mpya kama zawadi ya pili kwenye boksi, na ndiyo maana iko kila mahali. Kwa Nikon, jihadhari na AF 70-300mm f/4-5.6G isiyo na "S" baada ya AF. Haina mota, na kamera za D3000 na D5000 na ndugu zake hazina mota ndani, kwa hiyo utazungusha fokasi kwa mkono huku tembo akivuka barabara.

Mpiga harusi za ukumbini usiku, lenzi zote hizi zitakuangusha. Ukivuta hadi mwisho ziko f/5.6 au f/6.3, na ukumbi hauna mwanga huo. Pesa yako iende kwenye 85mm f/1.8, usogee kwa miguu.

Kuhusu zilizotumika: nenda na kamera yako mwenyewe, iwe unanunua Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi, na uvute lenzi hadi mwisho. Piga bango lenye maandishi madogo ng'ambo ya barabara kwa 1/60, kitulizi kikiwa kimewashwa, kisha kimezimwa. Usipoona tofauti, kitulizi kimekufa. Halafu washa tochi ya simu, uipitishe kioo cha nyuma, uchungulie mbele. Unatafuta utando mwembamba kama wa buibui. Huo ni ukungu, yaani kuvu, na kwa sisi wa pwani ndio ugonjwa mkubwa wa lenzi. Mara ya kwanza kununua lenzi ya mkononi sikujua kuchungulia. Nilidhani ni vumbi, na baada ya masika mawili kila picha iliyoelekea jua ilikuwa na weupe kama moshi, na kuvu yenyewe sabuni wala kitambaa havikuifikia, kwa kuwa ilikuwa katikati ya vioo.

Ukishaipata nzuri, usiifungie kwenye begi la ngozi kabatini. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, na uvibadilishe vikichoka. Porini, mfuko wa maharage ya kilo mbili kwenye ukingo wa dirisha la gari utakushikia lenzi vizuri kuliko stendi ya miguu mitatu, mradi dereva azime injini. Na piga kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu baadaye joto linapanda kutoka ardhini na kila kitu cha mbali kinacheza kama kipo chini ya maji, hata kwa lenzi ya mamilioni.