Mafuta ya cheni ya baiskeli kwa Mtwara na Lindi: lipi ununue, lipi uliache

Cheni ikianza kulia njiani kati ya Mikindani na Mtwara mjini, wengi wetu tunafanya lilelile. Tunasimama kwa fundi wa pikipiki, tunaomba oili, anatumwagia kidogo kutoka kwenye kopo lake jeusi, kelele zinaisha, safari inaendelea. Baada ya muda mfupi cheni imejaa tope la mafuta na mchanga, na meno ya friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, yanaanza kuchongoka. Hapo ndipo oili ya bure inapogeuka kuwa ghali kuliko zote.

Huku kwetu cheni ina maadui wawili. Mchanga upo kila mahali, kuanzia ule mlaini wa Msimbati unaomeza tairi hadi vumbi jekundu la njia za uwanda wa Makonde. Chumvi nayo inatoka baharini. Anayebeba ndoo za samaki kutoka pwani anajua maji yanavyochuruzika kwenye kerea, yanapita kwenye spoki na kuishia kwenye cheni. Anayevuka na baiskeli kwa mashua kutoka Lindi mjini kwenda Kitunda naye anarudi nayo ikiwa imerushiwa maji ya bahari. Kwa hiyo mafuta yanayofaa hapa ni yale yanayoingia ndani ya cheni, yanakaa, na hayageuki kuwa gundi ya kukamatia mchanga.

Ndani ya cheni ni wapi? Shika kipande cha cheni ukiangalie kwa karibu. Kuna vibamba viwili kila upande, pini inayopita katikati, bushi inayoizunguka pini hiyo, na rola inayozunguka juu ya bushi. Msuguano mwingi uko kati ya pini na bushi, na kati ya bushi na rola. Nje ya vibamba hakuna kinachosuguana na kitu, kwa hiyo mafuta yaliyobaki huko kazi yake ni moja tu, kushika mchanga. Ukilielewa hili, orodha inayofuata haitakushangaza.

Kwanza pima cheni

Usitoe hela ya mafuta kwa cheni iliyokwisha. Azima tepu ya chuma kwa fundi seremala, tumia upande wa inchi. Cheni za baiskeli, iwe Phoenix ya gia moja au baiskeli ya gia nyingi, zina nusu inchi kutoka pini hadi pini. Kaza cheni kwa kukanyaga pedeli kidogo, weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu nafasi 24. Pini utakayofikia inatakiwa iwe kwenye inchi 12 barabara. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni mpya mapema na huenda friwili ikapona. Ikipita kwa 1/8, badilisha cheni na friwili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka itaruka, na itaruka pale unapopanda mlima na madumu ya maji nyuma, mahali ambapo mtu anaumia.

Kama vipimo viko sawa, endelea.

Namba 1: oili mpya ya injini ya pikipiki, 20W-50 au SAE 40

Hii ndiyo chaguo langu kwa mtu wa kawaida wa Mtwara na Lindi, na sababu ni nyingi. Namba hizo ni kipimo cha uzito wa oili, zimeandikwa kwenye chupa. Inapatikana kwenye kila duka la spea za bodaboda, kuanzia Kilwa Masoko hadi Tandahimba. Ni nzito kiasi cha kukaa kwenye pini mvua ikinyesha, na bado ni nyepesi kiasi cha kupenya ikipewa muda. Ina viambata vya kuzuia kutu, jambo ambalo mkaazi wa pwani halipaswi kulidharau. Chupa moja ya lita ukiitumia inavyotakiwa itakaa muda mrefu sana, hata mkigawana majirani. Duka likiwa linapima kutoka kwenye pipa, nenda na kichupa chako kidogo. Kama unanunua chupa nzima, kagua kizibo: pete ya chini iwe haijakatika na lakiri iwe mahali pake, maana chupa tupu huwa zinajazwa upya vitu visivyojulikana.

Kuimwaga ndiko kunakoharibu sifa yake. Tafuta bomba la sindano jipya kutoka duka la dawa, toa sindano yenyewe, vuta oili kidogo. Geuza pedeli kinyumenyume polepole na uangushe tone moja juu ya kila rola, upande wa ndani wa cheni, ule unaoelekea kwenye meno. Ukimaliza mzunguko, zungusha pedeli kwa dakika moja hivi, kisha iache baiskeli ilale usiku kucha. Asubuhi chukua tambara kavu, ibane cheni kwa vidole na ugeuze pedeli hadi nje iwe kama imepanguswa kabisa. Cheni iliyopakwa vizuri haiachi alama nyeusi kwenye kidole ukiigusa. Watu wanadhani cheni isiyong'aa mafuta ni kavu, na hapo ndipo wanapoongeza, na mchanga unapopata makao.

Namba 2: mafuta ya cherehani

Kichupa kidogo chenye mdomo mrefu, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Ni mepesi sana, kwa hiyo yanaingia ndani ya pini haraka na hayakusanyi mchanga kama oili nzito. Kwa anayeendesha mjini tu, kwenye lami, kwenda kazini na kurudi, naona yanafaa hata kuliko namba moja. Kasoro yake ni kwamba hayakai. Mvua moja nzuri inayaondoa, na chumvi inapita bila kizuizi. Kuanzia Mei hadi mvua zinaporudi mwishoni mwa mwaka yanatosha, ukikubali kuyaweka kila wiki. Ndiyo mafuta ninayomshauri mzazi amnunulie mwanafunzi, kwa sababu mtoto akizidisha hasara ni ndogo na nguo zake za shule hazichafuki sana.

Namba 3: mafuta maalumu ya cheni ya baiskeli

Kwa ubora yangekuwa ya kwanza. Yako ya aina mbili: ya ukavu, ambayo ni mepesi na hayashiki vumbi, na ya unyevu, mazito, kwa ajili ya mvua. Yamekaa namba tatu kwa sababu huku kusini ni nadra kuyakuta dukani, na ukiagiza Dar es Salaam unalipia na usafiri wa kichupa kidogo. Kama una baiskeli ya gia nyingi yenye cheni nyembamba ambayo kuibadilisha ni gharama, agiza. Kama una ya gia moja, hela hiyo inunulie cheni ya akiba.

Namba 4: nta ya mshumaa

Hii ni ya mtu mvumilivu, na kwa njia za mchanga mkavu ina maajabu yake: ikishaganda haina unyevu, mchanga hauna pa kunata. Unatoa cheni, unaisafisha hadi isibaki na mafuta hata kidogo, unayeyusha mishumaa kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si moja kwa moja juu ya moto kwa sababu nta hushika moto. Unazamisha cheni, unaitikisa hadi vipovu viishe, unaitundika ipoe. Itakuwa ngumu mwanzoni, kisha inalainika ukiendesha. Lakini nta haizuii kutu ya maji ya chumvi, na msimu wa mvua haina maisha. Muuza samaki asijisumbue nayo.

Kwenye cheni ya gia moja kuna kiungo kimoja chenye klipu, ndicho unachofungulia. Ukirudisha klipu, upande wake uliofungwa utangulie kule cheni inakokwenda, na upande wenye mwanya ubaki nyuma. Ukigeuza, siku moja itachomoka njiani.

Namba 5: oili ya gia (ya giaboksi za magari), uzito wa 90

Nzito, ina harufu kali ya salfa, inakaa hata ukivuka maji. Kwa masika na kwa mbebaji wa samaki ninaikubali, ikipanguswa vizuri sana. Kiangazi, hapana.

Dawa ya kupuliza kama WD-40

Naiweka nje ya namba kwa sababu watu wanainunua kwa kazi isiyo yake. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na kwa hilo ni nzuri: nati iliyoganda, kotapini isiyotoka, cheni iliyoloa maji ya bahari na unataka kuyatoa leo hii. Sehemu kubwa yake ni kiyeyushi kinachoruka hewani, kinachobaki ni utando mwembamba wa mafuta. Ukipuliza kisha ukaona umemaliza, cheni itakuwa inalia tena baada ya muda mfupi. Puliza, pangusa, halafu weka oili. Na ukipuliza, kinga rimu kwa gazeti. Breki za fimbo na hata za waya zinashika rimu, na rimu yenye mafuta haisimami. Ikishapata mafuta, ioshe kwa sabuni ya unga na maji ya moto kabla hujapanda.

Vya kuviacha dukani, au kuvitumia kwingine

Grisi inunue, lakini kwa ajili ya gololi za habu, za pedeli, za usukani na za ekseli ya kati. Kwenye cheni haiingii ndani ya pini hata kidogo. Inakaa nje, inabeba mchanga, inausaga kwenye meno.

Mafuta ya kula, yakiwemo ya nazi, ni msaada wa dharura wa siku moja. Ya alizeti yanashika hewa na kugeuka utomvu unaonata. Ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai kule Newala unashuka zaidi ya hapo.

Oili chafu ni ya mwisho kabisa, na ninaomba sana iachwe. Ndani yake kuna masizi na chembe za chuma zilizotoka kwenye injini, yaani unapaka cheni yako kile kile unachojaribu kukiondoa. Ina pia kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi kwa mtu anayeishika kila siku, na mafundi wetu wanaishika kila siku kwa mikono mitupu. Fundi akikuletea kopo, mwambie kwa heshima, "Asante fundi, nina yangu."

Vya kununua pamoja na mafuta

Hakuna mafuta yanayofaa juu ya uchafu wa zamani. Nunua nusu lita ya dizeli au mafuta ya taa, petroli usiiguse kwa kazi hii. Mswaki wa zamani na matambara vipo nyumbani. Chovya, sugua kila kiungo, pangusa, rudia hadi tambara litoke bila weusi. Kisha osha kwa maji ya sabuni, suuza, anika juani hadi ikauke kabisa, kwa sababu dizeli iliyobaki ndani itayeyusha oili mpya. Dizeli iliyotumika iache itulie ndani ya chupa: mchanga unashuka chini, ya juu unaichuja na kuitumia mara nyingine. Usiimwage uani, hasa kama kisima kiko karibu.

Kwa wale wa samaki kuna hatua moja kabla ya zote. Ukifika nyumbani, mwagia cheni maji baridi ya kawaida siku hiyohiyo, futa, kisha tone la oili. Ukisubiri kesho utaikuta ina kutu ya rangi ya udongo kwenye vibamba, na viungo viwili vitatu vimekakamaa. Hivyo vinyooshe kwa mkono, kushoto na kulia, huku ukidondoshea mafuta ya cherehani, hadi vipinde kama wenzake.