Boxer 100 kwa miezi minane Dodoma: tuongee kuhusu hii koki

Mbukwenyi! Karibuni tena, watu wangu. Mkisikia vuuu kwenye maiki mnivumilie, ni upepo wetu wa mwezi wa nane huu.

Hii hapa pikipiki yangu, Boxer 100. Injini na gia zake mnazijua, ziko kila kijiwe. Nimeichukua mkononi kwa mtu, 1,700,000 na kadi yake, na ndiyo inanipeleka kazini, Nkuhungu mpaka Mtumba na kurudi, kilomita 46 kwa siku.

Ninachotaka muone ni hiki. Sogeza kamera. Hapo, chini ya tangi upande wa kushoto. Koki! Naipenda hii koki jamani. Ndani ya tangi kuna kijibomba kimesimama. Koki ikiwa ON, mafuta yanaingilia juu ya kijibomba. Yakishuka chini ya hapo, pikipiki inaanza kukwama kwama. Huhitaji hata kusimama: mkono wa kushoto unashuka, unageuza kwenye rizevu, yaani akiba ya chini ya tangi, hivi... mmesikia hiyo "tak"? Sasa inavuta kutoka chini kabisa, na unafika sheli.

Haya, nawasha. Nafunga koki, OFF. Inazima? Haizimi! Bado kuna mafuta kwenye bakuli la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini. Tusubiri... Hapa nimekata video, dakika nne zimepita, bado inanguruma. Sasa sikilizeni, inakohoa... imezima. Kwa hiyo ukisahau kufungua koki asubuhi utaondoka vizuri tu, halafu itakuzimikia barabarani. Na ukishajaza, rudisha ON! Mimi sikurudisha, rizevu nikaitumia yote bila kujua, nikasukuma kutoka Ihumwa jua la saa saba, kwenye lami ya malori. Usiku funga, maana kabureta ikivujisha utaamka tangi limepungua na kibaraza chote kinanuka petroli.

Ulaji wake nimeupima. Nilijaza mpaka shingoni, nikatembea siku sita, kilomita 276, nikarudi pampu ileile, zikaingia lita 5.1. Hiyo ni kilomita 54 kwa lita! EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na huku kwetu bei iko juu ya Dar kwa sababu ya usafirishaji, kwa hiyo hesabu ya lita ndiyo ninayoiangalia kuliko mwendo.

Watu wa pikipiki za TVS najua mnakuja kwenye komenti. HLX yenu nimeiendesha, kiti kizuri, sina ugomvi nayo. Wa Boxer 150, yenye injini kubwa zaidi, nao mna haki yenu: asubuhi nikielekea Mtumba upepo uko usoni, nashusha gia mpaka ya tatu, na nikipakia mtu kupanda Ntyuka ndiyo kabisa. Nilikuwa naandaa video ya kuwaambia msinunue 100 kama mna familia. Lakini nimempakia mke wangu na gunia la mkaa kutoka Nzuguni, tumefika bila shida. Kwa mjini inatosha.

Wiki ijayo tunafungua kabureta hii yote mezani, kwa hiyo gusa kengele. Wengi mmeniuliza kama nitaiuza. Siuzi. Ngoja nigeuze koki, ON, nipige kiki niwahi kazini.