Shahada za Chuo Kikuu Huria cha Kenya: ipi inamfaa mtu wa Kisumu, Kakamega au Nakuru?

Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu Agosti 2023. Makao yake yako Konza, ila masomo yako mtandaoni. Mwenye duka katika soko la Kibuye, Kisumu, au mwalimu wa Kakamega hahitaji kuacha kazi wala kukodi chumba mbali na kwao, na hilo pekee linatosha kukifanya kistahili kuangaliwa kwa makini.

Orodha ya mwanzo ilikuwa na shahada tano: sayansi ya data, usalama wa mitandao na uchunguzi wa kidijitali, biashara na ujasiriamali, uchumi na takwimu, na elimu ya teknolojia. Ilikuwa fupi, na ilikuwa vizuri iwe hivyo. Uuguzi unataka wodi na uhandisi unataka karakana. Chuo cha mtandaoni kinachoahidi vyote kingekuwa kinadanganya.

Inayovuta watu zaidi ni sayansi ya data, na ndiyo inayohitaji tahadhari zaidi. Jina linasikika kama kompyuta, lakini moyo wake ni hesabu. Amri za Python, lugha ya kuandikia programu, hujifunzwa kwa mazoezi ya kila siku. Panapowashinda wengi ni kwenye uwezekano na takwimu, kwa sababu mwalimu huanza akiamini kwamba matriki na kalkulasi unazijua tayari. Jipime kabla ya kutuma maombi: tafuta Karatasi ya Pili ya Hesabu ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), tenga saa mbili na nusu, uifanye bila kikokotoo cha simu wala kuchungulia majibu. Ukikwama kwenye matriki, uwezekano na kalkulasi, rudia mada hizo kwanza, kisha uombe nafasi muhula unaofuata. Kuahirisha ni nafuu kuliko kulipia yuniti ile ile mara mbili. Uchumi na takwimu nayo ina hesabu nyingi, jambo ambalo waombaji wengi hulisahau.

Kwa mfanyabiashara, shahada ya biashara na ujasiriamali ndiyo yenye faida ya haraka, maana mazoezi ya hesabu za mapato anaweza kuyafanya kwa daftari la duka lake mwenyewe. Elimu ya teknolojia ni nzuri, lakini anayelenga kufundisha sekondari aulize swali moja kabla ya kulipa: nitasajiliwa na TSC, tume ya walimu, kwa masomo yapi mawili? TSC huangalia C+ ya jumla na C+ katika kila somo utakalofundisha, na shahada haifuti alama za KCSE.

Sasa muda. Yuniti ya kawaida katika vyuo vyetu huhesabiwa saa 45 kwa muhula, yaani saa tatu kwa wiki kwa wiki 15. Yuniti tano ni saa 15 kwa wiki, na kusoma mwenyewe kunataka nyingine kama hizo. Mwenye kazi ya kutwa achukue mbili au tatu, ikiwa ratiba inaruhusu.

Vifaa navyo visidharauliwe. Simu inatosha kusikiliza somo, haitoshi kuandika programu. Nunua kompyuta yenye RAM ya GB 8 na kamera inayofanya kazi. Video ya ubora wa wastani hula takriban MB 300 hadi 500 kwa saa, kwa hiyo saa 15 zinaweza kumaliza GB 5 au zaidi kwa wiki. Pakua masomo mapema kwenye Wi-Fi. Maktaba za umma za Kisumu, Kakamega na Nakuru zina meza tulivu kuliko nyumbani. Mvua ya radi ya alasiri upande wa ziwa hukata stima, na ruta huzima hata kompyuta ikiwa na chaji. Betri ndogo ya akiba ya ruta huokoa jaribio lenye muda maalumu. Usisubiri saa ya mwisho kupakia kazi.

Hatimaye, chuo chochote utakachochagua, fungua orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na utafute jina kamili la kozi yako. Chuo kuwa na hati hakumaanishi kila kozi yake imeidhinishwa.