Miezi mitano na chaneli ya filamu za zamani, hapa Kakamega

Nililipia chaneli hii kwa ajili ya Mzee. Baba amechoka na habari za siasa, na tamthilia zinazopendwa na Mama hazimshiki. Ni chaneli ya ziada, shilingi 900 kwa mwezi juu ya kifurushi cha kawaida, na katika nyumba inayoishi kwa pensheni ya mwalimu hizo si pesa kidogo.

Siku ya kwanza aliniita kwa sauti: "Hebu njoo, TV imekufa pande mbili." Kumbe ilikuwa The African Queen ya mwaka 1951. Picha imekaa katikati, kushoto na kulia giza. Nimeona mafundi wa dishi wakishika rimoti na kuivuta picha ijae kioo, watu wote wakanenepa. Hapa hawaivuti. Filamu za skrini pana zilishika kasi Hollywood kuanzia 1953. Kabla ya hapo picha ilikaribia mraba, na chaneli hii inaionyesha vile ilivyopigwa. Tena haikatwi na tangazo hata moja, na mwishoni majina yanapita yote. Hilo ndilo ninalolipia.

Nilipomweleza Mzee kwamba sehemu za filamu ile zilipigwa Uganda na Kongo, alisogeza kiti. Mwigizaji Humphrey Bogart alipotoka mtoni na ruba wamemganda mwilini, Mzee akamwita Mama kutoka jikoni. Kisha chumvi ikaletwa. "Chumvi, ndiyo!" Mama akasema, amesimama na mwiko mkononi. "Si ndivyo tulivyokuwa tukiwatoa kwa ng'ombe?" Alibaki hapo hadi mwisho. Siku hiyo tulikula saa tatu usiku.

Kwa Mama ndiko kuna upungufu mkubwa. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza tu, na filamu nyingine hazina kabisa. Wamarekani wa zamani wanaongea mbio, kwa hiyo mimi ndiye mkalimani, na nikikosa nyumbani Mama haketi. Kwa bei hii, manukuu ya Kiswahili tungestahili.

Halafu kuna mvua. Anayeijua Kakamega anajua saa kumi jioni. Tulikuwa kwenye 12 Angry Men ya 1957, wanaume kumi na wawili chumbani, mmoja akipinga kumtia kijana hatiani. Mzee amekaa barazani miaka mingi kusuluhisha kesi za mashamba. Alikuwa anamjibu kila mzungumzaji. Wamebaki watatu wanaoshikilia hatia, ngurumo ikapiga, picha ikavunjika vipande vipande, kisha kioo cheusi. Mzee hakulala vizuri. Chaneli inarudia filamu zile zile mno, lakini marudio hayo ndiyo yaliyotuokoa: siku tatu baadaye, saa tano usiku, alikaa macho akaimaliza.

Mwezi Machi nililipa na chaneli ikakaa imefungwa siku mbili. Huduma kwa wateja walinituma kuzima na kuwasha dekoda mara nne kabla ya mtu kuifungua upande wao. Lipia mapema, si Ijumaa jioni.

Nimelipia mwezi wa sita. Mzee ameniagiza nimwandikie ratiba ya wiki kwa herufi kubwa, imebandikwa kando ya TV.