Kabati la kioo la kutunzia medali ya kasisi wa jeshi: uzoefu wangu chuoni, Dodoma

Nyota nne kati ya tano.

Ni kabati dogo la ukutani la kioo na aluminiamu, kazi ya fundi madirisha wa hapa Dodoma, lililotengenezwa kwa ajili ya chuo cha theolojia. Ndani kuna kitu kimoja tu: Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914–1918 aliyotunukiwa kasisi wa jeshi. Umbo safi, kufuli inashika, na gharama haikaribii ile ya kabati la makumbusho la kuagiza nje. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya vifaa vya kutengenezea ndani ya kabati. Fundi akiachiwa avichague mwenyewe, medali itaharibika ikiwa imefungiwa humo humo.

Medali hii ni fedha ya 925 (yaani asilimia 92.5 ni fedha halisi) yenye kipenyo cha milimita 36, na utepe wa hariri wa upana wa milimita 32: rangi ya chungwa katikati, kisha nyeupe, nyeusi na buluu kila upande. Kabati moja linatakiwa kulinda vitu viwili vyenye maadui tofauti. Fedha adui yake ni salfa, hariri adui yake ni mwanga.

Tuanze na mlango, maana hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Ukisema "kabati la kioo", utaletewa vioo viwili vya kuteleza, kama vya duka la simu. Kati ya vioo hivyo hubaki mwanya, na vumbi la Dodoma la kiangazi halihitaji mwanya mkubwa. Vumbi hilo lina chembe za mchanga. Ukilipangusa kwa kitambaa unaikwaruza fedha. Agiza mlango mmoja wa bawaba unaobana pande zote nne. Kwa kubania, kataa mpira mweusi wa madirisha: mara nyingi una salfa, na salfa ndiyo inayoifanya fedha iwe nyeusi. Mpira wa silikoni unafaa.

Silikoni ya kuzibia nayo ina aina mbili. Inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, kwa hiyo taka ile isiyo na harufu hiyo. Na hata hiyo, kabati liachwe wazi wiki kadhaa kabla ya kuweka chochote.

Ubao wa nyuma usiwe MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) wala plaiwudi, kwani gundi zake hutoa mvuke wa asidi kwa miaka. Bamba la aluminiamu linatosha. Juu yake fundi atataka kubandika velveti nyekundu kwa gundi ya kopo. Inapendeza machoni, lakini rangi huchuja na gundi hutoa mvuke. Kitambaa bora kinapatikana sokoni na ni rahisi: marekani (kitambaa cha pamba) isiyotiwa rangi, ifuliwe kwa maji ya moto mara mbili ili wanga utoke, isitiwe dawa ya kulainisha nguo, kisha ishonwe kwa nyuma badala ya kubandikwa. Vitambaa vya sufu viepukwe kabisa. Sufu ina salfa.

Medali isining'inie kwa utepe wake. Hariri ya zaidi ya miaka mia moja hukatika pale inapopita kwenye kishikio. Hapa imelazwa kwenye mteremko wa digrii kama 20, uzito wote umebebwa na kipande cha povu jeupe la polithini kilichokatwa duara na kuvikwa marekani. Sponji ya godoro haifai, huoza na kuwa unga unaonata. Pini, gundi na selotepu havina nafasi humu.

Kioo kiwe cha tabaka mbili zilizoshikanishwa, milimita 6 kwa jumla. Utando wa katikati huzuia sehemu kubwa ya miali ya urujuanimno. Hauzuii mwanga wenyewe. Kiwango kinachokubalika kwa hariri ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Kando ya dirisha lenye luksi 1,000, siku moja inaufifisha utepe sawa na siku 20 za luksi 50. Kwa hiyo kabati liko ukuta wa ndani wa korido, taa ya LED iko nje ya kabati, na pazia zito hulifunika mpaka mgeni alifunue.

Unyevu Dodoma si tatizo la mwaka mzima. Ni la miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili. Kabati la sentimita 40 kwa 30 kwa 15 linahitaji takriban gramu 360 za silika jeli (chembe za kufyonza unyevu), kwa hesabu ya kilo 20 kwa mita ya ujazo. Chukua ya rangi ya chungwa, kwani ile ya buluu ina kobalti yenye sumu. Baada ya kuikausha kwenye oveni usiiweke moja kwa moja, maana jeli iliyokauka kabisa huifanya hariri ikatike kama jani kavu. Iache kwanza ivute unyevu wa chumba, kipima unyevu kikisoma karibu asilimia 40.

Kung'arisha ni marufuku. Brasso, dawa ya meno na majivu hula maandishi ya ukingoni, na kwa kasisi maandishi hayo ni machache: "REV." na jina, bila namba ya jeshi. Pembeni kuna picha ya ukingo na ya upande wa nyuma, kwa sababu wageni hawawezi kuigeuza. (Na jiandae kwa swali la kwa nini medali ya mchungaji ina mpanda farasi aliye uchi. Ndivyo mchongaji William McMillan alivyoichora: farasi anakanyaga ngao yenye tai wa Prussia (dola iliyoongoza Ujerumani), na fuvu lenye mifupa.)

Maelezo ya ukutani yanataja pia kwamba majeshi ya Uingereza yaliingia Dodoma Julai 1916. Herufi zake ni ndogo mno kwa mwanga wa luksi 50. Zinahitaji angalau pointi 18.

Kwa atakayeagiza: mpe fundi orodha ya vifaa kwa maandishi kabla ya malipo ya awali, na umwombe vipande vya mpira na silikoni uvinuse.