Kuhesabu nyumbu ukiwa sebuleni: tathmini ya Snapshot Serengeti

Snapshot Serengeti ni huduma isiyolipiwa katika Zooniverse, jukwaa la mtandaoni ambako watu wa kujitolea huwasaidia watafiti, na inamwomba mgeni wake jambo moja tu: atazame picha iliyopigwa Serengeti na kamera isiyoshikwa na mtu, kisha aseme ni mnyama gani aliyemo, wako wangapi na wanafanya nini. Nimeitumia kwa jioni nyingi, na kwa maoni yangu inastahili muda wa yeyote anayependa wanyamapori, ilimradi awe na subira ya mvuvi.

Subira hiyo inatakiwa kwa sababu ya namna kamera zinavyofanya kazi. Kuanzia mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya hifadhi, nyingine zikifungwa kwenye miti na nyingine kwenye vyuma vilivyosimikwa ardhini. Kamera hizo hufyatuka zinapohisi joto na mwendo, lakini nyasi ndefu zinazoyumbishwa na upepo katika jua kali huzifyatua vilevile, kiasi kwamba takriban robo tatu ya mifuatano ya picha haina mnyama hata mmoja. Wala huwezi kuchagua. Picha huja zinavyokuja, na anayengoja chui atapita kwanza kwenye nyasi, nyasi tena, kisha mgongo wa nyumbu.

Kinachonivutia zaidi ni uamuzi mmoja wa waliobuni huduma hii: hakuna kitufe cha kusema hujui. Mgeni analazimika kukisia, na jambo hilo linaweza kumkera kabla hajaelewa kwamba picha hiyohiyo hupelekwa kwa watu wengine wengi wasiojuana, na jibu linalochukuliwa ni lile lililotajwa na wengi. Kwa utaratibu uliotumika katika misimu ya mwanzo, watu watano wa kwanza wakisema kwamba hakuna kitu, picha iliondolewa. Majibu kumi yakilingana, ilifungwa. Na ile iliyoleta ubishi iliendelea kuonyeshwa hadi ifikishe majibu 25. Ubishi wenyewe ni taarifa, kwani unamwonyesha mtafiti ni picha zipi azirudie kwa macho yake. Kwa picha za mwaka 2010 hadi 2013, watu zaidi ya 28,000 walitoa majibu milioni 10.8, nayo yalipolinganishwa na ya wataalamu yalikuwa sahihi kwa karibu asilimia 97 katika kumtaja mnyama na asilimia 90 katika idadi. Tofauti hiyo haitamshangaza aliyewahi kuhesabu nyumbu waliobanana migongo.

Kuhusu lugha, nimeitumia huduma hii kwa Kiingereza, na mtu aliyekua akiwaita wanyama mondo, nyamera, pofu, nyegere na karani tamba huwa anafanya kazi mbili, ya kumtambua mnyama na ya kumtafutia jina la kigeni kwenye orodha. Ninashauri uandike majina hayo pembeni kabla ya kuanza. Watakaokusumbua ni swala: swala tomi ana mstari mweusi ubavuni, ilhali weupe wa makalio ya swala granti hupanda hadi juu ya mkia, alama inayofaa sana pale mnyama anapokuwa amekupa kisogo, na mara nyingi ndivyo anavyokupa.

Mchana kamera hupiga picha tatu kwa mfululizo, na hapo hutokea vitu ambavyo mpiga picha wa kawaida angevifuta: kwato inayoingia pembeni, kisha milia ya punda iliyoziba fremu yote, kisha vumbi. Nimejiwekea makusanyo ya picha za aina hiyo na ninazithamini kuliko kalenda za watalii.

Picha za Snapshot Serengeti kwa jumla zimezaa utafiti wa maana. Zimesaidia kuonyesha kwamba duma haihami eneo la simba, bali huepuka mahali simba alipopita muda mfupi uliotangulia. Mwaka 2018 wanasayansi walitumia picha milioni 3.2 zilizokwisha kutambuliwa na watu kuifundisha kompyuta kuwatambua wanyama, na ikafikia usahihi unaolingana na wa watu hao kwa sehemu kubwa sana ya picha. Kwa nyumbu na punda milia, basi, sidhani kama mimi na wewe tunahitajika sana. Lakini kompyuta hujifunza kwa wingi wa mifano, na wako wanyama ambao mifano yao ni michache mno, kama kicheche na fisi mdogo, ambaye hula mchwa na hutoka usiku. Hao ndio ninaowangojea.